Madonge ya Nyama: Nje Yameiva, Je, na Ndani?

Leo tunataka kuzungumza nanyi habari ya chakula ambacho watoto wanakipenda sana, ndiyo madonge ya nyama ya kusaga. Wengi huku kwetu wanayaita buleti. Tena tutazungumza habari ya mashini ya umeme inayoyapika kwa hewa ya moto, pasipo sufuria ya mafuta. Mashini hiyo imeanza kuingia katika nyumba za watu wetu. Ni chombo chema. Lakini pana neno moja ambalo mtu akilisahau, chakula chema kitageuka kuwa ugonjwa.

Tufikiri mfano. Mama mmoja wa Bukavu ana kijana anayefanya kazi kule Ubelgiji. Siku moja anapokea mzigo kutoka kwake. Ndani mna mashini nyeusi, kimo chake kama ndoo, yenye kikapu kinachovutwa kwa mkono. Mama anafurahi sana. Siku ya Jumapili anasaga nyama, anafanya madonge makubwa kama ngumi, anajaza kikapu hata juu. Baada ya dakika 10 kengele inalia. Anafungua, na tazama, madonge yana rangi nzuri ya kahawia, na harufu yake inafika kwa majirani. Watoto wanaketi kula. Lakini yule mdogo wa mwisho anavunja donge lake na kusema, "Mama, hapa katikati pangali pekundu."

Mama anajibu, "Kula tu, mwanangu. Mashini ya Ulaya haikosei."

Je, nani amesema vema, mama au mtoto? Mtoto ndiye. Na sasa tutaeleza kwa sababu gani.

MASHINI HII NI KITU GANI?

Watu wengi wanaiita eafraya. Katika maduka ya Ufaransa na Ubelgiji inauzwa kwa jina la friteuse isiyo na mafuta. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilianza kuiuza mwaka wa 2010, na tangu hapo makampuni mengi yametengeneza zilizo kama hiyo.

Upande wa juu, ndani, mna waya unaopata moto sana kwa nguvu ya umeme. Karibu na waya huo mna feni. Feni inasukuma hewa ya moto kwa nguvu, nayo inazunguka chakula, inapita katika matundu ya kikapu, halafu inarudi juu tena. Basi, mashini hii ni tanuru ndogo yenye upepo. Upepo huo unakausha chakula upande wa nje na kukipa rangi ya kahawia upesi, hata kama umepaka mafuta kidogo tu.

Faida zake ni mbili kubwa. Ya kwanza, mafuta ya kupikia yanakuwa machache. Ya pili, hakuna sufuria ya mafuta yanayochemka chini karibu na watoto. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunajua uchungu wa mtoto aliyejimwagia mafuta ya moto. Yeyote anayeweza kupika pasipo sufuria ile, na afanye hivyo.

Lakini kumbukeni neno hili: moto unaanza nje, nao unaingia ndani polepole. Nje paweza kuwa pa kahawia na pakavu, na huku ndani pangali pabichi. Mashini inahesabu dakika tu. Haioni ndani ya donge.

KWA SABABU GANI NYAMA YA KUSAGA IANGALIWE SANA?

Nyama mbichi inaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa, ambavyo ni vidogo sana hata macho hayawezi kuviona. Vinatoka katika matumbo ya mnyama wakati wa kuchinja, au katika kisu, au mikono ya watu, au miguu ya nzi. Katika kipande kizima cha nyama ya ng'ombe, vijidudu hivyo vinakaa hasa juu. Ukichoma kipande hicho, moto unavikuta huko nje na kuviua.

Sasa, chukua bonge la bugali, ulipake majivu upande wa nje. Majivu yako juu tu. Halafu ulikande vizuri kwa mikono. Majivu yako wapi sasa? Yako kila mahali, hata katikati kabisa. Ndivyo inavyokuwa nyama inaposagwa. Kilichokuwa nje kimeingia ndani. Kwa hiyo donge la nyama linapaswa kuiva mpaka katikati, wala si kuchomwa nje tu.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Mwaka wa 1993, upande wa magharibi wa Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua, na wengi wao walikuwa wamekula nyama ya kusaga ambayo haikuiva vizuri. Kijidudu chake kinaitwa E. coli O157. Kinaleta kuhara damu, na katika watoto wengine kinaharibu mafigo. Watoto 4 walikufa. Nchi ile ina hospitali kubwa na dawa nyingi, lakini watoto wale hawakupona. Basi kwetu, ambako mtoto anaweza kusafiri siku nzima kabla ya kumwona munganga, inatupasa kujiangalia zaidi.

VITU VYA KUTAYARISHA

Kwa watu 5 au 6, utafute hivi:

Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, gramu 500.
Kitunguu kimoja, kikatwe vidogo sana.
Vitunguu saumu, punje 2.
Mkate, vipande 2 vyembamba, na maziwa vijiko 4 vya kuloweshea.
Yai moja.
Chumvi, nusu ya kijiko kidogo.
Pilipili manga kidogo, na majani ya seleri ukipenda.
Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja tu.

Ununue nyama asubuhi, mahali ambapo nyama imepimwa na mkaguzi. Usinunue nyama iliyosagwa tangu jana. Afadhali ununue kipande kizima, ukisage mwenyewe kwa mashini ya mkono, au ukikate kwa kisu mpaka kiwe kama nyama ya kusaga.

Mkate uliolowa katika maziwa si kwa kuongeza wingi tu. Unashika maji ya nyama, na madonge hayawi magumu. Yai linayashikamanisha yasivunjike.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Mezani tumia ubao mmoja kwa nyama mbichi na mwingine kwa mboga zinazoliwa pasipo kupikwa. Kama una ubao mmoja tu, kata mboga kwanza, nyama baadaye.

Pili, changanya vitu vyote isipokuwa mafuta. Usikande sana, maana nyama iliyokandwa sana inakuwa ngumu.

Tatu, usionje mchanganyiko mbichi. Wamama wengi wana desturi ya kutia kidole na kulamba ili wajue kama chumvi inatosha. Desturi hii ni mbaya. Ukitaka kujua ladha, chukua kipande kidogo, ukipike mpaka kiive kabisa, halafu uonje.

Nne, fanya madonge madogo, karibu 20, yote ya kimo kimoja. Upana wake usipite sentimeta 4. Madonge makubwa yanadanganya kuliko madogo. Tena kama mengine ni makubwa na mengine madogo, madogo yatakauka kabla makubwa hayajaiva.

Tano, pasha mashini moto dakika 3. Paka madonge yale mafuta kidogo, halafu uyapange katika kikapu kwa safu moja, pasipo kugusana. Usiweke donge juu ya donge. Kama kikapu ni kidogo, pika mara mbili. Mtu anayejaza kikapu anafunga njia ya hewa, na mahali hewa haifiki, nyama inabaki mbichi.

Sita, weka moto wa digrii 180, upike dakika 12. Katikati ya wakati huo, vuta kikapu na kugeuza madonge moja moja.

Saba, nawa mikono tena, na kuosha ubao, kisu na bakuli kwa sabuni na maji ya moto. Usirudishe madonge yaliyoiva katika sahani ile iliyoshika nyama mbichi. Wengi wanapika vizuri na kuharibu yote hapo.

NAMNA YA KUJUA KWAMBA NDANI PAMEIVA

Njia bora ni kipima-moto cha chakula, kile chenye sindano ndefu. Chagua donge kubwa kuliko yote, ulichome mpaka sindano ifike katikati. Nyama ya ng'ombe, ya mbuzi au ya nguruwe iliyosagwa inapaswa kufika digrii 71. Nyama ya kuku iliyosagwa inapaswa kufika digrii 74. Kama haijafika, rudisha kikapu dakika 2 au 3, halafu upime tena. Lakini usitumie kipima-moto cha kupimia homa. Kile mwisho wake ni karibu digrii 42, nacho kitapasuka.

Wengi watasema, "Sisi hatuna chombo hicho." Basi, kata donge kubwa katikati. Kama ndani pana wekundu, au maji yanayotoka yana rangi ya damu, halijaiva. Lakini jueni kwamba rangi peke yake haitoshi kushuhudia. Nyama nyingine inageuka kahawia kabla haijapata moto wa kutosha. Kwa hiyo tunawapa njia nyingine ya kutumainiwa, nayo ni ya desturi yetu wenyewe.

Tayarisha mchuzi juu ya mbabula: nyanya 5, kitunguu kimoja, mafuta kidogo, na kikombe kimoja cha maji. Mchuzi ukichemka, tia madonge yaliyotoka katika mashini, funika sufuria, na kuyaacha yachemke polepole dakika 15. Mchuzi unaochemka unalizunguka donge lote, na moto wake unafika katikati. Mashini imekupa rangi na harufu. Mchuzi umekupa amani ya moyo. Tena madonge ndani ya mchuzi yanafaa sana pamoja na bugali, au wali, au ndizi.

UMEME UKIKATIKA

Wote tunajua kwamba umeme unaweza kukatika wakati wowote. Mashini ikizimika baada ya dakika 5, madonge yako katika hali mbaya kuliko yalivyokuwa mabichi kabisa. Yana vuguvugu. Vijidudu vinapenda vuguvugu, navyo vinazaana humo upesi. Msiseme, "Tungoje umeme urudi." Washeni makala ya mbabula kabla ya kuwasha mashini, mahali penye upepo na si ndani ya chumba kilichofungwa. Umeme ukikatika, hamisheni madonge mara moja katika mchuzi unaochemka.

Na kama hakuna moto mwingine, na nyama imekaa nusu-mbichi zaidi ya saa 2, itupeni. Siku ya joto kali kupita digrii 32, hata saa 1 inatosha kuiharibu. Tunajua bei ya nyama, na tunajua ni vigumu kuitupa. Lakini vijidudu vingine vinaacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki hata ukipika tena. Bei ya nyama ni ndogo kuliko bei ya kumpoteza mtoto.

Tena, jambo la umeme wenyewe. Mashini nyingi za namna hii zinakula wati 1500 hivi. Jenereta ndogo ya wati 1000 haiwezi kuibeba. Usiiunganishe kwa waya mwembamba pamoja na pasi na friji, maana waya utapata moto na nyumba itaungua. Na kama ndugu yako ameinunua Marekani, soma kwanza maandiko yaliyo nyuma yake. Mashini za huko ni za volti 120, na umeme wa Kongo ni wa volti 220. Ukiiunganisha hivyo hivyo, itaungua siku ya kwanza. Zilizonunuliwa Ulaya zinafaa.

HABARI YA NYAMA YA NGURUWE

Kule Liège katika nchi ya Ubelgiji, watu wanafanya madonge makubwa ya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe iliyochanganywa, wakiyala na mchuzi wenye utamu wa siropo ya mapera ya Ulaya na matofaa. Ni chakula cha sifa kwao. Nasi tukitaka kutumia nguruwe, hatukatazwi. Lakini inatupasa kujua habari ya tegu, yule mnyoo mrefu wenye vipande vipande.

Nguruwe anayezurura na kula mavi ya watu anaweza kupata watoto wa tegu ndani ya nyama yake. Wanaonekana kama punje nyeupe za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu anakua ndani ya matumbo yake, naye anaweza kupita mita 2. Halafu mtu huyo anatoa mayai ya tegu katika choo chake. Asiponawa mikono, mayai yanaingia katika chakula cha watu wa nyumba yake, hata wale wasiokula nguruwe kamwe. Mayai hayo yakimezwa, watoto wa tegu wanaweza kupanda mpaka ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya la Dunia, yaani OMS, linasema kwamba katika sehemu nyingi ambako ugonjwa huu unakaa na nguruwe wanazurura, katika watu 100 wenye kifafa, karibu 30 wameupata kwa njia hii.

Basi muone jinsi mambo yanavyofungamana. Donge moja ambalo halikuiva, choo kibaya, na mikono michafu, vinaweza kumwangusha mtoto wa jirani kwa kifafa, na watu wakaanza kutafuta mchawi. Hakuna mchawi hapo. Dawa za kutoa tegu ziko, na dawa za kutuliza kifafa ziko. Mje hospitalini mapema. Na nyama yenye punje nyeupe, msinunue hata kwa bei ndogo.

KWA WAGONJWA NA WATOTO WADOGO

Wengine wamesikia kwamba chakula cha mashini hii ni dawa ya damu kupanda au ya ugonjwa wa sukari. Si dawa. Inapunguza mafuta ya kukaangia, na hilo ni jema. Lakini haiondoi chumvi. OMS linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ndiyo karibu kijiko kimoja kidogo. Vile vidonge vya mchuzi vinavyouzwa sokoni vina chumvi nyingi sana. Mwenye damu kupanda asivitie. Kitunguu saumu, seleri na ndimu vinatosha kuleta ladha.

Mgonjwa wa sukari akumbuke kwamba ndani ya madonge mna mkate. Ale machache, pamoja na mboga nyingi kama sombe au lenga-lenga, na bugali ya kiasi. Wala asiache dawa zake.

Mtoto mdogo asipewe donge zima. Ni la mviringo, linaweza kuziba koo lake. Livunjwe vipande vidogo sana. Wenye mimba, wazee, na watoto chini ya miaka 5 ndio wanaougua vibaya kwa nyama mbichi. Hao wapewe madonge yaliyochemka katika mchuzi, hata kama mwenye kupika anaitumaini mashini yake.

Madonge yakibaki, yawekwe katika friji yenye baridi ya kweli, yaliwe kabla ya siku ya nne, nayo yapashwe moto mpaka yatoe mvuke. Kama huna friji, au umeme unakatika kila siku, pika yale yatakayokwisha leo.

TURUDI KWA MAMA WA BUKAVU

Mama yule, akiwa na hekima, hatamkasirikia mtoto wake. Atakusanya sahani zote, atarudisha madonge katika moto, na watoto watangoja kidogo wakinung'unika. Jumapili nyingine atafanya madonge madogo, atayapanga kwa nafasi, na mbabula itakuwa imewaka tayari. Kabla ya kugawia watu, atachukua donge kubwa kuliko yote na kumwita mdogo wake wa mwisho. "Njoo, mwanangu, wewe mwenye macho. Tukate hili, tutazame ndani."

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Kwa sababu gani donge la nyama ya kusaga ni la hatari kuliko kipande kizima kilichochomwa?
2. Tunafanya nini ili hewa ya moto ifike pande zote za madonge?
3. Nyama ya ng'ombe iliyosagwa ifike digrii ngapi katikati? Na ya kuku?
4. Kama huna kipima-moto cha chakula, utafanya nini?
5. Umeme ukikatika katikati ya kupika, utangoja? Eleza.
6. Tegu wa nguruwe anawezaje kumfikia mtu asiyekula nguruwe?